Meno ya Kuazima

Kwa heshima na taadhima kuu, umma wote wa Rangwe, pamoja na wageni wanaopita hapa wakielekea Homa Bay na kwingineko duniani, unaarifiwa kwamba Daktari wa Nyuso na Mtaalamu Mkuu wa Rangi, Lynnet, amewasili kutoka masomoni Migori, na kwamba kuanzia leo hakuna chunusi, kovu wala mkunjo wa shati utakaosalimika mbele yake.

Tangazo hilo nililichapa mwenyewe kwa herufi za dhahabu, nikalibandika kwenye mlango wa studio ya Mama Mdogo Roselyn, kisha nikasimama kando, mikono nyuma, kama kiongozi anayesubiri wimbo wa taifa uishe. Lilidumu muda wa chai kuchemka. Mama Mdogo alitoka, akalisoma polepole huku midomo ikimcheza, akalibandua, akafungia mandazi na kumkabidhi Chrispine, mwendesha bodaboda anayeegesha pikipiki yake mlangoni petu.

"Daktari," akaniambia, "ufagio uko nyuma ya mlango."

Lazima nikiri kwamba Mama Mdogo, ambaye ni mdogo wake mama yangu na mpiga picha hodari kuliko wote niwajuao, alikuwa na sababu ya kunitilia shaka. Mwanzoni mwa likizo aliniachia kompyuta nimtengenezee Chrispine picha ya kitambulisho cha chama chao cha bodaboda. Nilimvisha koti la jenerali lenye medali kifua kizima. Chrispine hakuitazama, akaipeleka ofisini vile vile, na hadi leo wenzake humpigia saluti. Siku hiyo Mama Mdogo aliapa mbele ya mashahidi.

"Utani mmoja zaidi, Lynnet. Mmoja tu, na nakupandisha gari la Uriri. Utamsaidia nyanya yako kupukuchua mahindi mpaka shule zifunguliwe."

Nampenda nyanya yangu. Lakini mahindi hayana kitufe cha kurudisha nyuma ulichokosea, na mimi nilikuwa nimekwisha kuionja ile raha ya kuketi mbele ya skrini na kuuona uso wa mtu ukisubiri niamue. Hakuna kitu shuleni kinachokaribia hapo. Kwa hiyo nilifagia.

Wazee wawili walikuja siku ya soko, barabara ikiwa imejaa vikapu na kelele. Mzee Nicanor alitangulia, mrefu, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote licha ya jua. Mkewe Damaris alifuata na Biblia kwapani. Alizaliwa Kuria, upande wa mpakani, akaolewa huku kwa Wajaluo, na amekaa nasi miaka mingi hivi kwamba anatupita kwa kusema Kijaluo. Watoto wote wa Rangwe humwita Dani, yaani nyanya. Aliiweka Biblia juu ya kaunta, akaifungua katikati, akatoa picha iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni.

"Hii tulipigwa Migori," alisema Mzee Nicanor, "wiki ile ng'ombe wa mwisho alipofika kwa baba yake."

"Ng'ombe wa mwisho alikuwa mgonjwa," Dani akasema.

"Alikuwa amechoka, nyar Kuria," Mzee akasema, akimwita binti wa Kuria kwa Kijaluo. " Alitembea kutoka huku kwa miguu."

"Alikuwa anakohoa. Baba alimsikia."

Mama Mdogo aliivuta picha karibu kabla ng'ombe huyo hajatuchukulia asubuhi nzima. Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, imejaa mikwaruzo kama ukuta wa darasa. Nyuma yao palikuwa na pazia la studio lililochorwa milima yenye theluji, milima ambayo mchoraji wake bila shaka hakupata kuiona. Nicanor kijana alikuwa amevaa suruali pana na ametupa kichwa nyuma akicheka, mdomo wazi kabisa, hata ukaliona pengo katika taya la chini, pale walipong'olewa vijana wa Kijaluo wa enzi zake meno sita ili wahesabiwe watu wazima. Damaris alikuwa amesimama wima kando yake katika gauni lenye mkanda. Yeye hakucheka, wala hakutazama kamera. Alikuwa akimtazama Nicanor.

"Jumapili tunabarikiwa ndoa kanisani," Dani alisema. "Akina mama watatangulia na picha hii mbele, kubwa, kwenye fremu. Nataka iwe ya rangi. Na gauni nataka liwe hivi."

Akatoa kitu kingine ndani ya Biblia, akakilaza juu ya kaunta. Kilikuwa kipande cha kitambaa, kidogo kama kidole gumba. Rangi yake! Sikuwa nimeona rangi kama ile dukani wala sokoni. Haikuwa ya chungwa, haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya papai lililoiva ambalo umelikata sasa hivi, kabla hewa haijaligusa.

"Mimi nakumbuka lilikuwa la samawati," Mzee Nicanor alisema.

"Wewe ulikuwa unatazama wapi?"

"Mwenye gauni."

Dani alijifanya hakusikia. "Lile gauni nilimkatia mtoto wa kwanza nguo," alimwambia Mama Mdogo. "Likabaki la wa pili. Likawa kiraka, likawa kamba ya kufungia nywele, likawa hiki. Siku ile sikulivaa kanisani, hatukuwa na kanisa wakati huo. Jumapili nataka kuingia nalo. Mwili huu hauwezi tena, lakini picha inaweza." Akakigusa kile kitambaa. "Kama rangi si hii, Roselyn, usinipe ya kukaribiana. Nitaenda na ile ile ya kijivu."

Walipoondoka, Mama Mdogo aliketi akikitazama kitambaa walichotuachia. Halafu akanigeukia, nami nikajua ufagio umepata likizo.

"Wewe utasafisha mikwaruzo. Mimi nitapaka rangi. Ukiifanya vizuri, kiti hiki ni chako mpaka utakaporudi shule. Ukifanya upuuzi..."

"Uriri," nikasema.

"Uriri."

Kusafisha picha ya zamani ni wizi mtakatifu. Unachukua kipande kidogo cha shavu zima, unakiweka juu ya shavu lililokwaruzwa. Unaiba giza la pembeni kulipa deni la kipaji cha uso. Ukiwa na pupa, uso unakuwa laini kama sahani ya plastiki, na mama mzazi mwenyewe atampita mtoto wake ukutani bila kumsalimu. Ukiwa na subira, hakuna atakayejua kwamba ulipita hapo. Nilifanya kwa subira. Niliziba tundu lililokuwa kwenye suruali, nikaunganisha mkanda wa gauni uliokatika, nikaifutia ile milima alama za nzi waliotua juu yake miaka yote hiyo. Kila mkwaruzo uliotoweka ulinitia wazimu wa furaha. Nilikuwa nikiimba.

Kisha nikafika mdomoni kwa Nicanor.

Ikumbukwe kwamba siku iliyotangulia Pasta Cephas, ambaye ndiye angebariki ndoa hiyo, alikuja kupigwa picha ya kuweka kwenye ratiba ya ibada. Pasta Cephas hatabasamu. Hufungua mdomo wote, juu na chini, kama anayekukaribisha ndani. Na katika safu yake ya chini kuna jino moja lililomlalia jirani yake, kama mlevi anayesindikizwa nyumbani na rafiki. Picha hiyo ilikuwa pale pale, faili ya pili kutoka juu. Pengo lilikuwa mbele yangu. Mkono wangu, ambao sijawahi kuuamini kikamilifu, ukatembea wenyewe.

Niliyanakili meno ya Pasta. Nikayaondolea rangi yakawa ya kijivu, nikayapunguza, nikayapinda yafuate taya, nikayatilia kivuli cha mdomo wa chini. Yalikaa kama yaliyozaliwa humo! Nilitaka kumwonyesha Chrispine tu, tucheke, niyafute. Naapa hivyo ndivyo nilivyopanga.

"Huyo ni nani?"

Mzee Nicanor alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amerudi kuchukua kofia aliyoisahau.

"Ni wewe, Mzee. Samahani. Ni mchezo tu, nayatoa sasa hivi."

"Acha."

Alivuta stuli akaketi, magoti yakikaribia kidevu, akamtazama yule kijana kwenye skrini kwa muda mrefu sana. Nje mtu alikuwa akinadi dagaa wa omena kwa sauti ya kukata na shoka. Mzee alipoanza kuzungumza, mkono wake ulipanda ukakaa mbele ya mdomo, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kumwona akizungumza bila huo mkono.

"Unajua nilifanya kazi kwenye chai, Kericho," alisema. "Watu wa kila kabila. Nilikuwa mtu wa vichekesho mimi, usinione hivi. Lakini nikicheka, wenzangu wanatazama mdomo. Hawasikii tena kichekesho, wanauliza, wewe ulipigwa na nani? Basi nikajifunza kucheka huku nimejifunika. Mkono ukazoea." Akaielekezea kidole skrini. "Huyo alikuwa hajajua bado. Jumapili kanisa zima litamtazama, na wageni wa mke wangu kutoka Kuria. Mwache na meno yake, mwanangu. Usimwambie Roselyn."

Ningefanyaje? Nilikuwa nimefanya utani, na utani umepokelewa kama zawadi. Hilo halijawahi kunitokea. Nikaahidi. Akaniomba na jambo jingine dogo, nikamfanyia papo hapo, na sitalitaja hapa kwa sababu daktari hutunza siri za wagonjwa wake. Aliondoka akiwa amevaa kofia kichwani na huku akijipapasa koti.

Sasa nisikilizeni habari za vita.

Mama Mdogo alipaka gauni rangi, tabaka juu ya tabaka, akikiweka kitambaa pembeni mwa skrini na kulinganisha. Likawaka! Papai tupu! Tulipeana mikono kama mawakili walioshinda kesi. Tukachapa. Printa ikanguruma, karatasi ikatoka, na juu yake akasimama Damaris katika gauni la rangi ya chai iliyosahaulika kikombeni.

"Wino," alisema Mama Mdogo. Tukabadilisha wino. Chai.

"Karatasi," nikasema mimi. Tukabadilisha karatasi. Chai yenye maziwa kidogo.

Tukaongeza mwangaza, na hapo nyuso zao zikawa nyekundu kama za watu waliochomwa na mvuke wa sufuria. Tukapunguza wekundu, kwenye skrini wakaonekana wagonjwa. Tukaurudisha. Vipande vya majaribio vikajaa mezani, vyembamba kama riboni, kila kimoja na Damaris wake mdogo aliyekasirika kwa namna yake. Mama Mdogo alivipepea kwa daftari, kwa sababu wino mbichi husema uongo na hubadilika ukikauka. Navyo vilipokauka vikatutukana vizuri zaidi.

Nilichukua kimojawapo nikatoka nacho nyuma, pale tunapoanikia vyombo, ili nikasirike peke yangu. Nikakiinua juani, na nikapiga kelele iliyomfanya Chrispine aje mbio na spana mkononi.

"Mama Mdogo! Njoo! Njoo uone hawa watu!"

Ndani, nyuso zile zilikuwa na wekundu wa kuvumilika. Hapa nje zilikuwa nyekundu kama matofali! Picha ni ile ile, mkono ni ule ule. Tuliingia, tukatoka, tukaingia tena, wateja wakitushangaa. Halafu Mama Mdogo akasimama mlangoni, akatazama ng'ambo ya barabara, akaweka mikono kiunoni.

Duka la mkabala lilikuwa limepakwa rangi upya na kampuni moja ya simu. Kijani. Kijani cha kelele, toka bati hadi chini. Jua la mchana lilikuwa likiupiga ukuta ule na kukirusha kijani chake ndani kwetu, juu ya meza, juu ya karatasi, juu ya macho yetu. Tangu walipopaka, tulikuwa tukiishi ndani ya chupa ya soda. Macho yalizoea kijani, na mkono ukawa unaongeza wekundu ili kusawazisha.

"Kumbe ndiyo maana mama mwenye hoteli alisema nimemfanya aonekane mlevi!" Mama Mdogo alisema, akacheka hadi akashika mlango.

Tulihamisha kompyuta ndani, chumba cha nyuma. Tulipunguza ukali wa skrini mpaka ikalingana na karatasi nyeupe iliyoshikwa kando yake. Nikaleta blanketi langu la shule, lile la kijivu ambalo nimelitukana kwa miaka mitatu, lisilo na joto wala urembo, tukalitundika nyuma ya skrini. Na kwa mara ya kwanza maishani nikaliheshimu, kwa kuwa ndicho kitu pekee studio nzima kisichoegemea rangi yoyote. Nyuso zikatulia. Zikatoka kwenye printa kahawia safi, moja iliyokolea na moja yenye asali ndani yake. Ngozi zao. Mama Mdogo hakuzing'arisha hata kidogo, ingawa wateja wengi huomba, na niliona kwamba hazikuhitaji.

Lakini gauni! Gauni lilikuwa bado limelala.

"Haliwezekani," alisema Mama Mdogo siku ya Ijumaa, akisugua macho. "Skrini ina taa tumboni. Karatasi ni maskini, inaazima mwanga wa chumba ilimo. Papai hili lina taa. Wino huu hauna mahali pa kuitoa."

"Basi tumpe ile ya kijivu?"

 Mama Mdogo alikichukua kitambaa akakilaza kwenye pindo la blanketi langu lililoangukia mezani, pengine kwa uchovu tu, pengine kukipumzisha. Nami nikaona. Juu ya kaunta ya mbao kitambaa kilikuwa kizuri. Juu ya blanketi la kijivu kiliwaka kama kaa la moto.

"Mama Mdogo, tusiongeze rangi kwenye gauni," nikasema, na maneno yalikuwa yakinipita mbio. "Tupunguze kwingine. Pazia. Ile theluji inang'aa kuliko yeye! Milima tuitie giza, tuipe ubaridi, samawati ya mvua. Suruali ya Mzee iwe ya kijivu. Kila mtu anyamaze, gauni liseme peke yake!"

Aliniachia kiti. Aliniachia kiti mwenyewe, bila kuombwa. Nikaizamisha milima, nikaituliza theluji, nikaipa anga ya nyuma rangi ya ziwa wakati mvua inakuja kutoka upande wa visiwani. Gauni sikuligusa. Tukachapa kipande, tukakipepea, tukatoka nacho nyuma juani. Mama Mdogo akakiweka kitambaa juu ya gauni la karatasi.

Kitambaa kikapotea.

Nasema kilipotea! Ulilazimika kukitafuta kwa kucha. Mama Mdogo alipiga kigelegele, Chrispine akapiga honi bila kujua sababu, mimi nikazunguka kamba ya nguo nikiruka kama mtoto wa chekechea. Katika hekaheka hizo zote uso wa Mzee Nicanor ulikuwa kwetu kahawia tu, kahawia iliyozidi au kupungua wekundu. Hakuna aliyeutazama mdomo wake. Isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimenyamaza.

Jumamosi walikuja pamoja, na Pasta Cephas alikuwa nao, kwa kuwa alifuata picha yake ya ratiba. Mama Mdogo alikuwa ameisimamisha picha kubwa juu ya kiti, imefunikwa kwa leso. Aliivua leso kwa mkono mmoja.

Dani alikichukua kitambaa chake juu ya kaunta. Akainama, akakilaza juu ya gauni, na kitambaa kikapotea.

"Woi, Roselyn," alisema. "Woi. Ni lenyewe." Aliteremsha kiganja juu ya lile gauni, polepole, toka begani hadi kwenye pindo, kama mtu anayelinyoosha kabla ya kutoka nyumbani. "Hata mkanda mmeurudisha." Machozi yalikuwa yakimteremka naye anacheka. Mama Mdogo alinishika bega akalibana, na ule mbano ulikuwa na maana ya kiti, likizo nzima. Nilihisi kama nimeshinda uchaguzi.

Kiganja cha Dani kikahama kutoka kwenye gauni kumwendea kijana aliyecheka. Kikasimama.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi," alisema Mzee Nicanor, mkono mdomoni.

"Wewe nakujua. Nauliza huyu."

Akainama tena, pua ikikaribia karatasi. Kisha akajinyoosha na kugeuka taratibu, akamtazama Pasta Cephas, aliyekuwa akishiriki furaha ya kondoo wake.

"Pasta. Hebu cheka."

"Nicheke, Mama?"

"Cheka tu."

Pasta Cephas ni mtu mtiifu. Alicheka. Jino likamlalia jirani yake. Dani aliitazama picha, akamtazama Pasta, akaitazama picha.

"Mbona mume wangu ana meno ya Pasta?"

Mlangoni Chrispine alijikunja kwa kicheko akaketi chini. Mama Mdogo aliinama kwenye picha, na niliuona wekundu ukipanda shingoni mwake, wekundu ambao hakuna ukuta wa kijani ungeusawazisha. Nilimtazama Mzee Nicanor. Alikuwa akisoma matangazo ya ukutani kwa bidii ya mtu anayengojea mtihani. Neno moja lilikuwa kwenye ulimi wangu: *ameniomba*. Lingetosha kuniokoa na mahindi yote ya Uriri. Nikatazama ule mkono wake wenye mishipa, uliozoea, nikalimeza.

"Ni mimi, Dani," nikasema. "Nilifanya mzaha. Niliyatoa kwa Pasta, yeye hajui. Nilidhani hakuna atakayeona."

"Lynnet," alisema Mama Mdogo, kwa sauti ya chini sana.

Dani hakunigombeza. Aliweka kidole gumba juu ya mdomo wa yule kijana, akayafunika meno yote, akamtazama hivyo.

"Haya, huyu hapa," alisema. Kisha, bila kugeuka, "Kwetu walinicheka, unajua. Dada zangu. Wakasema unaolewa na mtu asiye na meno, atatafunaje nyama ya harusi yake mwenyewe? Nikawaambia hamjamsikia akicheka. Kile kicheko kinatoka pale, pale penye pengo, kina sauti yake. Na yule mpiga picha wa Migori akamwambia, kijana, funga mdomo upendeze. Mimi ndiye niliyemwambia asipige. Nikamwambia asubiri mpaka huyu afungue."

Mzee Nicanor aliyaacha matangazo ya ukutani, akamgeukia.

"Hukuwahi kuniambia hilo," alisema Mzee Nicanor.

"Hukuuliza. Ulikuwa umeziba mdomo."

Mama Mdogo alinionyesha chumba cha nyuma kwa kidevu. "Kaa. Yatoe."

Niliyatoa. Ilikuwa kazi ya kubofya mara moja, kwa kuwa nilikuwa nimeyaweka kwenye tabaka lao peke yao, na chini yake pengo lilikuwepo siku zote likingoja. Wote waliingia wakasimama nyuma yangu, mbele ya blanketi la shule. Printa ikaanza. Karatasi ilitoka kwa mistari, nywele kwanza, kipaji cha uso, macho yaliyofinywa na kicheko, na tulipofika mdomoni sote tukasogea karibu. Mdomo ukatoka, wazi, na pengo lake.

"Basi nirudishiwe meno yangu," alisema Pasta Cephas, "kesho nina mahubiri."

Hapo Mzee Nicanor akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, na kweli kilikuwa na sauti yake, kitu kama mluzi unaopita ndani ya mtungi. Mkono ukapanda haraka kama kawaida yake. Ulifika kidevuni, ukasita, ukateremka, ukaenda kukaa upande wa kushoto wa koti.

"Kuna nakala nyingine ya huu ujinga?" Mama Mdogo aliniuliza.

"Hakuna," nikasema.

"Msichana," alisema Dani. Bado alikuwa akiitazama picha ikitoka, gauni sasa, papai likiteremka mstari kwa mstari.

"Naam, Dani."

 Aliningoja tu, kama alivyomngoja yule mpiga picha.

"Ipo moja," nikasema. "Ndogo. Ya mfukoni. Nilimchapia Mzee siku ile ile."

"Najua. Tangu siku ya soko anaushika huo mfuko kama mtu mwenye maumivu ya moyo." Alikichukua tena kitambaa, tayari kukilaza juu ya wino uliokuwa bado haujakauka, akajizuia. "Mtafutie bahasha, hiyo ndogo itakunjika."